Uvimbe wa taya usiouma: piga picha kwanza, jino baadaye



Leo tuzungumzie taya. Sisi watu wa pwani tunaliogopa jino lakini tunalisahau taya lililolishika. Jino likiuma usiku nyumba nzima hailali. Taya likivimba pole pole bila ya maumivu, tunasema mtu kanenepa.

Miaka michache iliyopita jirani yangu hapa Mawaleh alifikiwa na mtoto wa dada yake kutoka Unguja, kijana wa miaka ishirini na kitu. Shavu lake la kulia lilikuwa limejaa kuliko la kushoto, na ukilitazama vizuri ulikuwa unaona kwamba hilo si shavu, ni mfupa. Kule nyumbani alikuwa ameshang'olewa magego mawili upande huo huo, kwa nyakati mbili tafauti, na antibiotiki amemeza hata hakumbuki mara ngapi. Kila akimaliza dozi uvimbe uko pale pale. Maumivu hana. Bibi yake alikuwa akimkanda kwa maji ya chumvi kila usiku. Jirani alinijia kwa sababu anajua kazi yangu ni kwenye chumba cha eksirei, akataka nimtajie daktari wa meno wa bei nafuu wa kumng'oa jino la tatu.

Nikamuuliza, "Kwani ameshapigwa picha ya taya zima?"

"Picha ya nini tena, mwanangu, na jino lenyewe tunaliona linacheza?"

Jino lile halikuwa na kosa lolote. Kilichokuwa kikilichezesha kilikuwa chini yake, ndani ya mfupa, na kwa miaka miwili hakuna mtu aliyekitazama. Ndiyo maana nikaona niandike makala hii, kwa sababu hadithi ya namna hii nimeshakutana nayo zaidi ya mara moja.

UVIMBE HUU NI KITU GANI?

Meno yetu yanatengenezwa ndani ya taya na chembe maalumu zinazoanza kazi tangu tuko tumboni mwa mama. Kazi ikimalizika, mabaki ya chembe hizo hubaki kwenye mfupa na kwenye ufizi. Kwa watu wengi yanakaa kimya maisha yote. Kwa wachache yanaanza kukua tena, na hapo ndipo unapopatikana uvimbe kama ameloblastoma, ambao unatokana na chembe za aina ile inayotengeneza gamba gumu la nje ya jino. Kuna aina nyingine pia. Kuna vifuko vya maji vinavyoota kuzunguka jino lililokwama, kuna odontoma ambayo ni fundo la vijino vidogo vidogo, na kuna uvimbe unaotokana na mfupa wenyewe.

Nyingi katika hizi si saratani. Huku Oman daktari atakwambia kwa Kiarabu "waram hamid", na hapa naomba uniskilize vizuri. Waram maana yake ni uvimbe tu, usizimie. Neno linalofuata ndilo la kusikiliza. Hamid ni ule usiosambaa kwenda sehemu nyingine za mwili. Khabith ndiyo saratani, na hilo halitaki mkalimani kwa sababu tunalo sisi wenyewe, habithi. Nimewaona wazee wetu wakitoka kwa daktari wanalia kwa kusikia waram peke yake, na mjukuu aliyekuja kutafsiri naye Kiswahili chake ni cha kuombea chai.

Lakini kutokuwa saratani hakuna maana ya kutokuwa na madhara. Ameloblastoma haisambai kwa kawaida, ila inakula mfupa pale ilipo, polepole, bila ya kuuma. Inasukuma meno, inapindisha uso, na ikiachwa miaka mingi inaweza kufika ukubwa wa embe dodo mpaka mtu anashindwa kutafuna na kuzungumza. Mara nyingi hukaa taya la chini, huku nyuma kwenye magego. Na kwetu Afrika Mashariki si kitu cha ajabu. Daktari Elison Simon na wenzake wa Dar es Salaam waliwafuatilia kwa miaka 4 wagonjwa wenye uvimbe unaotokana na chembe za meno, wakachapisha matokeo mwaka 2005, na ameloblastoma ndiyo iliyoongoza. Katika ripoti nyingi za Ulaya na Marekani inayoongoza ni odontoma, ambayo haina matata makubwa. Kwa hiyo ukikaa mbele ya daktari aliyesomea kwengine, si vibaya kumwambia kwamba asili yako ni Afrika Mashariki.

PICHA YA KWANZA

Ile picha ndogo anayokutia daktari wa meno mdomoni inaonesha meno matatu au manne. Kwa tundu la jino inatosha. Kwa uvimbe haitoshi, kwa sababu uvimbe unaweza kuwa mkubwa kuliko picha yenyewe. Unayotaka ni picha ya taya zima, ambayo kwenye karatasi ya daktari huandikwa kwa herufi tatu, OPG. Kiarabu utasikia wanasema "ashia" ya taya zima. Kliniki nyingi za meno za huku mjini zinayo mashine hiyo.

Unasimama, au unakaa, unaweka kidevu mahali pake, unauma kijiti kidogo cha plastiki kwa meno ya mbele, na mashine inakuzunguka kichwa kwa sekunde 15 hivi. Usitikisike na usimeze mate. Hakuna sindano. Kabla ya hapo vua herini, mkufu, miwani na meno ya bandia. Akina mama, mtandio wenyewe hauzuii mionzi, tatizo ni zile pini. Pini moja ya shungi inaweza kuweka doa jeupe juu ya pale pale panapotafutwa, na picha ikarudiwa. Omba mfanyakazi mwanamke kama huna raha, nawe toa pini zote.

Sasa picha inasomwaje? Mfupa na meno hutoka vyeupe. Mahali palipoliwa hutoka peusi. Hilo ukilijua umeshajua nusu ya kazi, na ukioneshwa picha yako usiogope kuuliza, "Hapa mbona peusi?"

Ameloblastoma kubwa mara nyingi inaonekana kama vyumba vyeusi vilivyogawanywa na kuta nyembamba nyeupe. Vyumba vikiwa vikubwa vinafanana na mapovu ya sabuni, vikiwa vidogo vinafanana na sega la nyuki. Mizizi ya meno yaliyo juu yake mara nyingi imekatika kama iliyokatwa kwa kisu, na ukingo wa taya umetanuka na kuwa mwembamba. Lakini ipo pia inayoonekana chumba kimoja tu cheusi, hasa kwa vijana, na hiyo ndiyo inayodanganya watu kwa kuwa inafanana na kifuko cha maji cha kawaida.

Kifuko cha maji cha jino lililokwama kina alama yake: weusi umeshikilia shingo ya jino ambalo halijatoka, kichwa cha jino kimo ndani kama kokwa ndani ya tunda. Kuna kifuko kingine, keratosisti, ambacho kinapenda kutambaa kwa urefu ndani ya taya bila kulitanua sana, hivyo mtu haoni uvimbe wowote mpaka kimeshafika mbali. Kikipatikana zaidi ya kimoja kwa mtu mmoja, hasa kijana, daktari atataka kujua habari za familia, kwani kuna maradhi ya kurithi yanayokwenda nacho.

Odontoma ni nyeupe, kama kifurushi cha vijino, na mara nyingi inagunduliwa kwa mtoto wa skuli ambaye jino lake la utu uzima limekataa kutoka. Mzazi, ikiwa mwenzake darasani ameshabadilisha meno yote na wako amebaki na pengo upande mmoja, mpeleke apigwe picha. Usingoje.

Na mfupa unaoonekana kama kioo cha ukungu, bila mpaka wazi kati yake na mfupa mzima, huo humfanya daktari afikirie ugonjwa mwengine kabisa, ambao kwa kawaida hupunguza kasi mtoto akishabaleghe, na mara nyingi unaangaliwa tu.

OPG INAPOSHINDWA

OPG ni kivuli kilichonyooshwa. Kitu chenye urefu, upana na kina kimelazwa kwenye karatasi, kwa hiyo haioneshi uvimbe umetoka kiasi gani upande wa ulimi au upande wa shavu. Kivuli cha uti wa mgongo nacho hupita katikati ya picha na kuficha meno ya mbele. Tena mfupa lazima uwe umeshapoteza sehemu kubwa ya madini yake, theluthi na zaidi, kabla ya weusi kuonekana wazi. Na kwa taya la juu OPG ni dhaifu sana, kwa sababu huko mfupa ni mwembamba na umepakana na uwazi wa pua na jicho. Uvimbe wa taya la juu unaweza kupanda mpaka chini ya jicho na picha ya kawaida ikaonesha ukungu tu.

Hapo inahitajika CT. Mashine hii ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971, na mbuni wake, Godfrey Hounsfield, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1979. Inakata picha vipande vyembamba kama mkate wa boflo, na kompyuta inavipanga tena kuwa taya zima unaloweza kuligeuza kila upande. Daktari wa upasuaji anapima hapo uvimbe umeishia wapi, umetoboa ukuta wa mfupa au bado, na mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini umepita wapi. Ipo na CT ndogo ya meno, inayoandikwa CBCT, yenye mionzi pungufu na picha safi ya mfupa. Udhaifu wake ni kwamba nyama laini haionekani vizuri, kwa hiyo uvimbe uliotoboa mfupa na kuingia kwenye misuli unahitaji CT ya hospitali au MRI. MRI haina mionzi kabisa na inatafautisha maji na nyama, lakini mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini lazima aseme mapema.

Suala la mionzi naulizwa kila wiki. OPG moja ni sawa na mionzi ya asili unayoipata kutoka ardhini na angani kwa siku chache tu. CT ya hospitali ni zaidi sana, inaweza kufika ya miezi kadhaa, ndiyo maana haipigwi kwa kila mtu. Mama mjamzito aseme kabla. Na usigombane na mfanyakazi asipokuvisha ile aproni nzito ya risasi: mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilishauri isitumike tena kwa picha za meno, kwa kuwa mashine za sasa zinaelekeza mionzi mahali panapohitajika na aproni wakati mwengine inaziba picha yenyewe.

PICHA HAITOI JINA

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na madaktari wengine pia. Picha inasema uvimbe uko wapi, una ukubwa gani na una tabia gani. Jina lake kamili inatoa maabara, baada ya daktari kuchukua kinyofu kidogo na kukitazama kwa hadubini. Chumba kimoja cheusi kinaweza kuwa kifuko cha maji, keratosisti au ameloblastoma, na matibabu yake ni mbali mbali. Kifuko cha maji kinatolewa na basi. Ameloblastoma ya vyumba vingi ikikwanguliwa tu, inarudi kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, wakati mwengine baada ya miaka 10. Ndiyo maana wapasuaji hukata na sentimita moja au mbili za mfupa mzima kupita pale picha inapoonesha mpaka. Ukiambiwa "tutakwangua tu" na hakuna kinyofu kilichopelekwa maabara, uliza maswali kabla ya kulala kitandani. Na mpangilio mzuri ni picha kwanza, kinyofu baadaye, kwa sababu kidonda kipya kinaweza kubadilisha sura ya picha.

Kuna tafauti moja ambayo akina mama wenye asili ya Afrika wanapaswa kuijua. Wanawake wa makamo wakati mwengine hupatikana na madoa ya weusi na weupe kwenye mizizi ya meno ya taya la chini, mara nyingi pande zote mbili, bila ya maumivu, na picha imepigwa kwa sababu nyingine kabisa. Ni mfupa uliobadilika tu. Meno yakipimwa yanakutwa hai. Hali hii inatambuliwa kwa picha, na kwa kawaida haichukuliwi kinyofu wala meno hayang'olewi ovyo, maana mfupa huo ukiguswa unashika usaha kwa urahisi na ni tabu kuuponya. Yupo mama aliyeng'olewa meno mawili mazima kwa ajili ya madoa haya. Ukiambiwa una madoa ya namna hiyo, taka meno yapimwe uhai kwanza.

USINGOJE IKIWA HALI NI HII

Yote niliyoyasema ni ya uvimbe unaokwenda polepole. Uvimbe unaokua kwa wiki badala ya miaka ni habari nyingine. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto aliyevimba taya pande zote. Akafuatilia wengine, akaandika mwaka 1958, na saratani hiyo ya watoto mpaka leo ina jina lake. Inakua kwa kasi ya kutisha, lakini ikiwahiwa inasikia dawa vizuri. Kwa hiyo mtoto aliyevimba taya na meno yakaanza kucheza ndani ya wiki chache, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mtu mzima, dalili za kukukimbiza ni mdomo wa chini kufa ganzi bila sababu, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, na mdomo kushindwa kufunguka.

Na kuna kinundu ambacho si ugonjwa hata kidogo: mfupa mgumu katikati ya kaakaa, au vinundu viwili upande wa ulimi, sawa kulia na kushoto. Watu wengi wanavyo tangu ujana. Wacha.

KWA SISI WA MAWALEH NA WAGENI WETU

Raia anaanzia kituo cha afya cha mtaani kwake na anaomba barua ya kupelekwa mbele. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, iliyofunguliwa mwaka 1990, iko hapo Al Khoud, mwendo mfupi wa gari kutoka kwetu, na Al Nahdha imekuwa kwa miaka mingi ndiyo kituo cha serikali cha mambo ya meno na taya. Mgeni aliye kwenye viza ya matembezi atalipa mwenyewe, na hapo hesabu nzuri ni kupiga OPG kwenye kliniki ya kawaida kwanza, kisha kuamua atibiwe huku au arudi.

Ukipiga, taka CD au faili zenyewe, zenye jina lako na tarehe. Ndugu zetu wana mtindo wa kubandika karatasi ya picha dirishani, kuipiga kwa simu na kuituma WhatsApp kwa daktari Dar es Salaam au Mombasa. Kwa salamu inafaa. Kwa kupima ukingo wa uvimbe haifai, kwa sababu zile kuta nyembamba ndizo za mwanzo kupotea. Na picha ya zamani usiitupe. Daktari akiweka ya mwaka juzi na ya leo pamoja, ataona kasi ya uvimbe, kitu ambacho picha moja haiwezi kumwambia.

Kijana wetu alipiga OPG jioni ile ile. Vyumba vyeusi vilianzia lilipokuwa gego la kwanza kung'olewa vikapanda kuelekea sikioni. Jirani aliiangalia akasema kama mzinga wa nyuki. Alipigwa CT, akachukuliwa kinyofu, jibu likarudi ameloblastoma. Kwa sababu ya gharama alirudi kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam, na CD zake mbili mkobani. Walikata kipande cha taya, wakaweka sahani ya chuma, na baadaye wakampachika mfupa kutoka kwenye nyonga. Mdomo wake wa chini upande wa kulia umebaki na ganzi kwa sababu mshipa ulikuwa umeshamezwa na uvimbe. Daktari wake alimwambia wazi kwamba uvimbe ungeonekana miaka miwili nyuma, ulipokuwa mdogo, huenda mshipa ule ungenusurika.

Sasa anapiga OPG kila mwaka, na ataendelea kwa miaka 10 na zaidi. Khalati yake ndiye anayemkumbusha kwa simu, na picha ikishapigwa nakala inaletwa huku kwangu. Ya mwaka huu niliiweka pamoja na ya mwaka jana, nikazitazama zote mbili usiku ule kabla ya kumjibu. Mfupa uliopachikwa umeshika, na ukingo wake ni mweupe mtupu.